Fomu Iliyombakiza wa Mwisho

Ukurasa wa mtandaoni unapofunguka, mimi siwezi kukaa. Nasimama, nazunguka chumba, natoka hadi barazani, narudi, nakuta kile kiduara bado kinazunguka, natoka tena. Jirani yangu anayeshona nguo amenizoea. Akiniona nje mara ya tatu huniuliza tu, "Rezo imekataa?" Kwake yeye, rezo, yaani mtandao, ndiyo yenye makosa yote katika maisha yangu, na mara nyingi nimemwacha aamini hivyo.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa hizo. Hapa Kalemie tuko wachache, na hata mama yangu mzazi akiulizwa hujibu kwamba mtoto wake "anafanya mambo ya mashini", kisha hubadilisha mazungumzo. Lakini nina maoni makali kuhusu kurasa na sijawahi kuyaficha. Nachukia ukurasa unaoanza na picha kubwa ya watu wanaocheka. Wanacheka nini? Mtu amenunua mega zake kidogo za mtandao, anataka kujua boti ya Moba inaondoka siku gani, wewe unamwonesha meno. Nachukia fomu inayouliza namba ya nyumba. Nyumba yetu iko ng'ambo ya daraja la Lukuga, unapanda, ukikuta kinu cha kusaga mihogo unageuka kushoto, na sijawahi kuona kisanduku cha kuandika hayo. Nachukia neno la siri linalodai herufi kubwa, namba na alama, halafu likakukatalia bila kusema kimekosekana nini. Ukurasa mzuri kwangu ni ule unaofunguka juani, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mkononi mwa mtu mwenye haraka. Niliwahi kumweleza hivyo mteja mmoja aliyetaka bendera ipepee juu ya ukurasa wa duka lake la saruji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, weka bendera." Nikaweka.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba chuo kimoja cha wauguzi hapa mjini kiliponiita, nilikwenda kichwa kimevimba. Hatimaye nimepata kazi isiyo na bendera! Kabla ya hapo wasichana walikuwa wanajiandikisha kwa karatasi. Walitoka Kabalo, Nyunzu, mpaka Manono, wakapanga foleni juani siku mbili tatu na mafaili vifuani, kisha wakarudi kwao kusubiri tarehe ya mtihani. Mkurugenzi wa chuo, bwana mmoja ambaye sijawahi kuona kunjo kwenye shati lake, alitaka mtu aweze kujiandikisha bila kufika. Nilitengeneza fomu kwa wiki tatu. Herufi kubwa, maswali sita tu, hakuna picha hata moja. Niliipenda fomu ile, nakiri. Nilikuwa naifungua bila sababu, niitazame tu.

Ikabaki shida moja. Mtandao wetu ukiwa mzito, mtu hubonyeza kitufe cha kutuma mara tatu, na jina lake likaja mara tatu. Karani wa chuo alilalamika kwamba msichana mmoja wa majaribio amekuwa watatu. Nikapata dawa: kila fomu itambulike kwa anwani ya barua pepe. Ikija fomu nyingine yenye anwani ileile, mpya ifute ya zamani. Ilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi. Niliujaribu kwa anwani zangu tatu, ukafanya kazi barabara, nikajipigia makofi peke yangu chumbani.

Sasa nimseme Papa, kama tunavyowaita hapa wazee wa heshima. Kwenye barabara kubwa inayotazama ziwa kuna baraza ya jengo la zamani, na kwenye baraza hiyo Papa huyu hupiga chapa. Anatoka katika zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na biashara ya ziwani, na Kiswahili chake ni cha upande wa Kigoma mpaka akasirike, hapo ndipo Kalemie inapomtoka yote. Alianza na taipureta, sasa ana kompyuta ambayo herufi zimefutika kwenye vitufe, jambo lisilomsumbua kwa sababu hatazami vidole. Ana majivuno kuhusu mkato na nukta. Barua ya mtu ikiwa mbaya, haipigi chapa kabla ya kumgombeza mwenye barua. Mimi nilijifunzia kwake nilipomaliza sekondari. Alikuwa anafunika mikono yangu kwa faili nisiweze kuchungulia, na nikikosea ananiambia nianze ukurasa upya, wote.

Papa ana anwani moja ya barua pepe, na anwani hiyo ni ya mji mzima. Watu wengi hapa wana simu lakini barua pepe hawana, wala hawaoni ya nini. Karatasi ikidai anwani, wanakwenda kwa Papa, naye anaandika ya kwake. Jibu likija analisoma, analiandika kwenye daftari, kisha anamngoja ndugu wa mwenyewe apite barabarani amwite. Jibu la kazi yangu ya kwanza lilikuja kwa njia hiyo. Papa alimtuma mtu wa pikipiki anifuate, nikafika mbio, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akanisomea kwa sauti mbele ya watu wote, na alipofika kwenye neno "umekubaliwa" akalirudia. Kwa hiyo mimi, kuliko mtu yeyote, nilipaswa kujua. Tangu siku ile nimejipatia anwani tatu, na nikasahau kabisa hali ya kutokuwa na hata moja.

Siku ya mtihani nilikwenda chuoni kutazama kazi yangu, kama mtu anavyokwenda kutazama nyumba aliyoijenga. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Wasichana walikuwa wamevaa vizuri, wengine viatu vipya vinavyowabana. Mmoja alikuwa ametoka Kabalo kwa treni, siku nzima njiani na nyingine ya kungoja tu, akafikia kwa mjomba wake wa hapa mjini, aliyekuwa amempelekea jina likaandikishwe. Alishika kalamu mbili kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Alipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, akarudia, akarudia tena.

"Jina yangu haiko," alisema, si kwa mtu yeyote.

Mwingine naye akasema vilevile, na mwingine. Wakafika zaidi ya thelathini, na walipoulizwa nani aliwaandikisha, wote walisema Papa wa barazani. Niliichukua simu yangu nikafungua orodha kwa ndani. Anwani ya Papa ilikuwapo mara moja tu, na jina moja tu mbele yake. Nikaelewa palepale. Miguu ilianza kutembea yenyewe. Nilizunguka jengo la chuo mara mbili huku jasho likinitoka, na mlinzi akaniuliza kama natafuta choo.

Jina lile moja, ambalo hata mlangoni kila mtu aliliona, lilikuwa la mjukuu wake Papa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu Papa ana desturi yake: wateja kwanza, watu wa nyumbani kwake mwisho. Hata barua ya mke wake hungoja foleni iishe. Siku ya mwisho ya kujiandikisha alikuwa amewajazia fomu wasichana wote wa watu, mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akimfuta aliyemtangulia bila Papa kujua, na foleni ilipokwisha ndipo akamvuta mjukuu wake benchini akamjazia naye. Adabu yake ndiyo iliyombakiza mjukuu wake peke yake.

Mjomba wa yule msichana wa Kabalo hakuhitaji maelezo marefu. Alikuwa mtu mwenye kifua na sauti. "Ametoa batoto ba batu akaweka damu yake!" alipaza sauti pale mlangoni. "Muzee na kofia yake kichwani!" Watu waliitikia. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Niliingia ofisini kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Alisimama akafunga dirisha kabla ya kunijibu.

"Ile majina iliyofutika, inaweza kurudi?"

"Hapana. Lakini Papa anaandika kila kitu kwenye daftari."

"Basi tutafanya mutihani mwingine juma lijalo. Kwa batu tutasema ni rezo." Alinitazama vizuri. "Usichafue jina ya chuo, Mama. Na yako pia. Kuna kazi zingine zinakuja."

Nilitikisa kichwa kukubali. Ningependa kusema nilibishana naye, lakini sikubishana. Nilifurahi kupewa mlango wa kutokea.

Tangazo la mtihani wa pili lilitumwa, bila shaka, kwa anwani ya Papa. Alifunga meza yake siku mbili, akapanda pikipiki na daftari lake kwapani, kutoka mtaa wa Kataki mpaka Lubuye, akagonga nyumba baada ya nyumba. Kwingine walimpokea kwa kununa, kwingine walimsikilizia mlangoni bila kumkaribisha ndani. Wasichana wote walikuja mtihanini isipokuwa yule wa Kabalo. Yeye alikuwa amepanda treni alasiri ileile ya mtihani wa kwanza, analia. Namba aliyoiacha ilikuwa ya mjomba, na mjomba kila alipoona ni Papa anapiga, alikata. Habari ilipomfikia msichana kule Kabalo, mtihani ulikuwa umekwisha.

Maneno ya rezo hayakumdanganya mtu. Hata yule jirani yangu fundi, ambaye kwa miaka ameitupia rezo lawama zote za dunia, safari hii alikataa. "Rezo haina mujukuu, dada," aliniambia huku anakata uzi kwa meno. Nilicheka naye. Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Ule mstari niliurekebisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Sasa mtu anatambulika kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na anwani moja inaweza kubeba watu hata mia. Udogo wa kazi yenyewe ndio ulionitia aibu. Baada ya hapo sikutulia. Nilianza kazi ya mtu nikaiacha katikati, nikaanza nyingine. Nilipanga upya chumba. Nilibadilisha rangi ya vitufe kwenye ukurasa wa duka la saruji, mwenye duka akanipigia kuuliza nani kaniambia. Nikiwa nakwenda mjini nilimwambia mwenye pikipiki apite njia ya nyuma, yenye mashimo, ili nisipite mbele ya baraza. Alifikiri nimekosana na mwanaume.

Kisha Papa akanijia mwenyewe. Alikuja kwa miguu, kompyuta yake ndani ya mfuko wa kitambaa, akakaa kwenye kiti changu cha wageni na kufungua daftari magotini. Kila msichana alikuwamo, jina, saa aliyoandikwa, na alama ya kalamu nyekundu kuonesha fomu imekwenda. Alikuwa ameichora fomu yangu yote kwenye karatasi, kwa mkono, maswali yote sita na kitufe chake.

"Mwanangu," alisema, "wewe unajua vitu hivi. Niangalilie. Nilikosea wapi?"

"Papa..."

"Labda kidole kilifinya pabaya. Macho yangu si yale. Usinionee haya, sema tu. Kama ni uzee, niache kazi mapema kabla sijaharibia watu wengine."

Nilisimama. Nikatoka mpaka barazani, nikarudi. Alikuwa bado ameshika kile kidaftari wazi, ananingoja kama mwanafunzi anavyomngoja mwalimu. Ningeweza kusema pale. Tulikuwa wawili tu, mlango ungefungwa, yeye angekasirika, basi.

"Nitaangalia, Papa," nilisema.

Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili, akakunja karatasi aliyoichora akaniachia, ati itanisaidia.

Karatasi ile niliihamisha kutoka mezani kwenda dirishani, kutoka dirishani kwenda chini ya godoro, na kila mahali nilipoiweka niliiona. Siku nne nilikuwa roho juu. Nilikuwa nafikiri juu ya kazi yetu hii ya mtandaoni na jinsi inavyotulea vibaya. Seremala kiti chake kikivunjika, aliyeanguka anajua aende nyumba gani kugombana. Sisi tuna rezo, tuna mashine, tuna "ukurasa umekataa". Kosa letu halina uso, kwa hiyo linatafuta uso wa kuvaa, na linauvaa wa yule aliye karibu zaidi na watu, yule anayekaa barazani akionekana. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na maoni mengi kuhusu picha na vitufe, lakini nilimwacha mzee huyo avae uso wangu karibu wiki tatu. Nilijichukia, na kujichukia huko hakukumsaidia Papa kitu.

Siku ya tano nilikwenda kwanza kwa mkurugenzi nikamwambia nakwenda kusema. "Utajimaliza," alinijibu, bila ukali. Nilimwomba jambo moja, kwamba msichana wa Kabalo apokelewe mtihani wa mwaka ujao bila kuandikishwa upya. Alikubali haraka, nadhani ili niondoke.

Barazani, benchi lililozoea kujaa tangu asubuhi sasa lilikuwa na watu wawili tu. Mwanaume mmoja aliyesinzia na karatasi yake ya kunakiliwa, na mama mmoja mwenye faili la binti yake, amekuja kumwandikisha katika masomo ya ukunga, ambayo chuo kilikuwa kimeyafungua kwa fomu ileile yangu. Wenye pikipiki watatu walikuwa wameegesha kivulini. Papa alikuwa anapiga chapa.

"Papa, nimeangalia," nilisema, na nilisema kwa sauti, kwa sababu nilijua nikisema kwa kunong'ona nitakuwa sijasema. "Hukukosea wewe. Nilikosea mimi."

Hakuinua kichwa. Alimaliza sentensi yake, akaweka nukta, ndipo akanitazama. "Sema tena."

Nikasema tena. Nilisema fomu niliitengeneza mimi, kwamba niliiambia mashine kila anwani ni mtu mmoja, na kwamba yeye aliandika anwani moja kwa wote kama siku zote, hivyo kila aliyeingia akamfuta wa mbele yake. Wenye pikipiki walisogea. Mwanaume wa karatasi aliamka.

"Na mujukuu yangu?" Papa aliuliza. Kalemie ilikuwa imemtoka.

"Alibaki kwa sababu ulimuweka nyuma ya wote."

"Nilimuweka nyuma ju ya heshima ya batu."

"Najua, Papa."

"Ile siku nilikuja kwako na daftari, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hilo ndilo lililomchoma. La mashine angelimeza, hata mimi nilimwona analimeza, lakini hili lilimkaa usoni. Aligusa daftari lake, akalisawazisha na ukingo wa meza. Nilingoja anigombeze kama zamani, aniambie nianze ukurasa wote upya.

"Na mutoto wa Kabalo?"

"Mwaka ujao watamupokea."

"Mwaka ujao," alisema.

Mmoja wa wenye pikipiki alipiga makofi. "Basi Papa haiko na kosa! Njo vile, ndiyo hivyo! Miye nilisema tangu zamani!" Hakuwa amesema kitu tangu zamani, lakini nilimpenda kwa dakika ile. Kifua kilinifunguka. Niliona habari ikipanda pikipiki tatu na kwenda mjini, niliona benchi likijaa tena kesho yake.

Yule mama mwenye faili alikuwa amesikiliza kila neno. Alisimama, akafunga vizuri kitenge chake kiunoni, akapita mbele ya meza ya Papa kana kwamba meza haipo, akaja mpaka niliposimama. Alinikabidhi faili kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, kwa adabu kabisa, "kama mashini njo ya kwako, unijazie weye mwenyewe. Sitaki tena kupitia kwa muntu."

"Papa anajua kujaza kuliko mimi," nilisema. Ilikuwa kweli. Yeye hajawahi kukosea jina la mtu.

"Sikatae. Lakini weye njo unajua ile inafuta batu."

Mwanaume wa benchi naye alikuwa ameinuka na karatasi yake, ananitazama mimi. Nikamgeukia Papa, nikitaka akatae, akasirike, aseme hii ni baraza yake. Alifunga kompyuta taratibu. Kisha akanyanyuka, akafuta kiti chake kwa kiganja, akanisogezea.